Kwa Nini Muuza Nafaka Huongeza Kiganja

Leo asubuhi kaka mmoja, tai shingoni, alisimama hapa sokoni mezani kwa mama yangu akanunua kibaba cha maharage. Mama akapima, akammiminia mfukoni, halafu akatia mkono guniani akamwongezea kiganja. Kaka akacheka. "Mama, na nyongeza hizi profit utaiona wapi?" Mama akaendelea kufunga mfuko. Nitajibu mimi. Digrii yangu ya uchumi imelala kabatini, lakini mdomo bado una ajira. Sogeeni, na nyie mnaosubiri chenji.

Ulikuwapo wakati, huku chini ya milima ya Upare, kibaba kilipokuwa kibaba tu. Kikijaa, muuzaji alipitisha kijiti juu yake, nafaka ikalala sawasawa na mdomo wa kipimo, ikaishia hapo. Hakuna aliyeongeza wala aliyeomba. Ukisema "niongezee" watu walikutazama kama mwizi mwenye adabu.

Mwaka mmoja ndiva ikapasuka. Ndiva ni lile bwawa la juu linalotunza maji ili mifereji iyashushe mashambani. Bila ndiva hakuna mtama, na bila mtama hakuna watu. Wachimbaji walihitajika, na wachimbaji hula. Kwa hiyo Mfumwa, ndivyo tulivyomwita mtawala wetu, akaita baraza akauliza chakula chao kitoke wapi. Swali zuri. Mimi sina ugomvi na swali.

Ugomvi wangu ni na jibu. Karibu kabisa na kigoda cha Mfumwa alikaa Kangero, mwenye maghala ambayo hata panya wake walikuwa na vitambi. Na shamba lililokunywa maji mengi kuliko yote lilikuwa lake. Akasimama, sauti laini kama samli.

"Mfumwa, tusimwonee mtu. Kila kibaba kikipimwa sokoni, kitolewe ngumi moja ya nafaka. Anunue tajiri, ngumi. Anunue maskini, ngumi."

Fair kabisa, si ndiyo? Watu wakapiga makofi. Hata Nambua, mjane aliyekuwa akiuza mtama sokoni, alipiga.

Hawakuona jambo moja. Kangero hakuwa mtu wa vibaba. Nafaka yake iliuzwa ghala zima kwa wakubwa wenzake wa ng'ambo ya mlima, na ghala halipimwi kwa kibaba. Anayenunua kibaba ni yule asiyeweza zaidi ya kibaba. Kwa kuwa hawezi, kesho anarudi, na kesho kutwa anarudi, na kila akirudi ngumi inamsubiri. Mtozaji mwenyewe alipendekezwa na Kangero: Mrindoko, mtu mpole, ila Mungu alimjalia kiganja kama jembe.

Sokoni hapo alikuwa akija Mkunde, mfinyanzi, aliyekuwa ametoka kujifungua. Mumewe alikuwa huko ndivani akichimba, akilishwa nafaka iliyokwanguliwa kutoka kwenye kibaba cha mkewe. Hebu tafakari logic hiyo. Nyumbani Mkunde alikula nusu shibe, na maziwa yakaanza kumkauka.

Siku moja alileta chungu kidogo, akabadilishana na Nambua kwa kibaba cha mtama. Nambua akapima, akasawazisha. Mkono wa Mrindoko ukashuka, ukapanda umejaa. Kibabani likabaki shimo. Mkunde alilitazama lile shimo. Mtoto mgongoni ndiye aliyelia, kile kilio chembamba cha mtoto aliyenyonya akakosa.

Nambua akamimina kilichobaki kwenye kikapu cha Mkunde. Kisha, kama mtu anayefukuza nzi, akatia mkono kwenye mtama wake mwenyewe, akaongeza kiganja.

"We mama!" Mrindoko akashtuka. "Hicho nacho ni nini?"

"Ni mkono wangu, baba."

"Mbona hukupima?"

"Ngumi yako hukaa ndani ya kibaba. Kibaba hiki hapa, kitupu. Chukua upepo."

Soko zima likaangua kicheko, na kicheko ndicho kilichomponza Nambua. Akapelekwa barazani. Kangero akataka anyang'anywe nafasi yake sokoni, na mjane bila nafasi sokoni angekula nini?

"Anaiba ushuru, Mfumwa," alisema Kangero. "Leo kiganja, kesho kikapu."

Nambua alipiga goti, lakini macho hakuyashusha. "Mfumwa, ngumi nimeitoa, na kesho nitatoa. Ndiva ni yetu sote. Kile kiganja sikukiuza, nilimpa mzazi mwenye njaa. Ila nami nina swali. Tangu ngumi ianze, Mrindoko ameshawahi kutia mkono kwenye ghala la Kangero?"

Mrindoko alitazama kiganja chake. Mfumwa alimtazama Kangero, Kangero akatazama milima.

"Zawadi siwezi kuitoza," Mfumwa alisema mwishowe. "Rudi sokoni kwako, mama. Hilo la ghala tutalijadili."

Wanalijadili mpaka leo.

Kesho yake Mkunde aliporudi, aliongezewa tena. Na muuzaji wa pembeni naye akamwongezea mteja wake, na wa pembeni yake vilevile, mpaka mstari wote. Wanasema Mrindoko, kila kiganja kilipokuwa kinapita, aligeuka kidogo, kama mtu anayekagua mawingu. Maziwa ya Mkunde yakarudi. Siku ndiva ilipojaa, mtoto alikuwa amebebwa begani na baba yake, mashavu hayo, akipigia maji makofi.

Na tangu siku hiyo kibaba hakiishii kwenye kibaba. Ndiyo maana nyongeza huja baada ya kumimina, kamwe si kabla. Ndiyo maana haipimwi, na anayeitoa hakutazami usoni. Nenda kwenye yale maduka ya vioo, mashine itakutemea risiti ndefu yenye kodi yako yote. Kiganja hutapewa.

Kwa hiyo, kaka yangu wa tai, mama anaijua hasara kuliko wewe na mimi. Hicho alichokuwekea mfukoni ni ngumi ya Mrindoko, inarudishwa na mkono ambao haukuichukua.

Siku nyingine usicheke. Kinga kwa mikono miwili.