Pembe ya Pofu Aliyechechemea

Endeleeni kubambua karanga, mikono yenu siihitaji. Nataka masikio. Na yeyote anayependa hadithi zinazoisha vizuri aende akaangalie mbuzi, maana hii sijaimaliza mpaka leo, na nilisimuliwa nikiwa mdogo kuliko huyo hapo anayezila karanga badala ya kuzibambua.

Kulikuwa na kijiji kikiitwa Mwilulu, kule mashamba yanakoishia na miombo inakoanza. Ukiingia porini humo unaweza kutembea siku nne usione moshi wa mtu. Katika kijiji hicho walikuwapo marafiki wanne, wawindaji wote, waliokua pamoja na kuoa wakifuatana mwaka kwa mwaka.

Kasanda alikuwa na macho. Simaanishi kuona mbali, hilo hata mwewe analiweza. Kasanda alisoma ardhi. Angeliangalia jani lililokunjika akakwambia ni mnyama gani amepita, lini, na kama alikuwa na haraka.

Mgalula alikuwa na mkono. Mshale ukitoka kwake ulikwenda alikoutuma. Hakupenda kuvuta upinde mara mbili, aliona ni kujiaibisha.

Shija alikuwa na maji. Chekeni mkitaka. Mtu huyo angesimama kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, akapigapiga kwa kisigino, akasema, "Hapa," na mkichimba kwa kina cha mkono mnakunywa. Lakini kwa kuwa ndiye aliyebeba vibuyu, watu walimwita mbeba vibuyu, na hakuna aliyemhesabu mwindaji.

Wa nne, Lusangija, hakuwa na kipaji cha kusifiwa. Alikuwa na tabia moja tu, nayo ilichosha watu: hakujua kuacha. Akianza jambo, mpaka mwisho wake.

Sasa sikilizeni desturi yao. Msimu wa kuwinda ulifungwa na mvua. Mvua ikinyesha maji yapo kila mahali, wanyama wanatawanyika, nyasi zinapanda, kazi imekwisha. Kwa hiyo siku za mwisho za kiangazi hutafutwa pofu, yule swala mkubwa kuliko swala wote, dume lake lina uzito wa fahali. Nyama yake inaliwa na kijiji kizima. Pembe yake ya kulia inatundikwa juu ya mlango wa nyumba moja, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka. Mvua ikiikuta pembe chini, mwaka huo hakuna mwenye pembe. Na nyumba yenye pembe hupelekewa paja la kwanza la kila mnyama atakayepatikana msimu unaofuata, kwa hiyo watoto wa humo hawalali njaa.

Pembe hupewa yule ambaye bila yeye pofu angekuwa bado anatembea. Hiyo ndiyo sheria yote. Mnaiona nyepesi, sivyo?

Mwaka mmoja, msimu ukiwa mwishoni kabisa na mawingu yameshaanza kujikusanya, marafiki hao wanne walimkuta pofu dume kwenye mgongo wa kilima cha mawe. Aliyekuwa karibu naye ni Lusangija. Akaachia mshale. Pofu akaruka, akapotelea upande wa pili.

"Nimempiga," Lusangija akasema.

Kasanda akapita juu ya mawe yale huku na huku, ameinama, wenzake wanamngoja. Hakuona damu, wala kijiti cha mshale kilichovunjika, na juu ya mawe nyayo hazisomeki. Akainuka.

"Hukumpiga, ndugu yangu. Hakuna damu hapa."

"Nimesikia mshale ukiingia, Kasanda."

"Umesikia unavyotamani kusikia."

Hapo lazima mjue jambo. Kwa wawindaji wa Mwilulu, mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Kama Lusangija alikuwa amempiga, wote wanne walitakiwa kumfuata, wingu au hakuna wingu. Kama alikuwa amekosa, wote wanne walikuwa huru kurudi nyumbani. Neno la Kasanda ndilo lililokata shauri, kwa sababu hakuwa amewahi kukosea. Mgalula na Shija walitazama wingu, wakamtazama Kasanda, wakafunga mizigo.

Lusangija hakujua kuacha, nimewaambia. Alijaza kibuyu chake akashuka kilima peke yake. Mvua ikanyesha usiku ule ule, na mito iliyokuwa mchanga ikawa mito. Walimpata siku ya sita, amekwama kwenye mizizi chini ya mkondo, upinde wake bado begani.

Alimwacha mke, Kalunde, na watoto watatu. Mazishi yakapita. Kilichobaki ni maneno ya watu, na haya hayazikwi. Walisema Lusangija alikufa akifukuza kivuli. Watoto wake wakienda kuteka maji, wenzao waliwaimbia hivyo hivyo. Kasanda alisikia wimbo huo mara moja, akapita zake. Moyoni alijiambia kwamba alisema alichokiona. Alijiambia hivyo mwaka mzima, asubuhi na jioni, na mtu mwenye amani hana haja ya kujiambia kitu kimoja mara zote hizo.

Msimu wa pili ukafika mwisho. Watatu waliobaki wakajiandaa kumtafuta pofu, na kila mmoja aliitaka pembe. Mgalula alikuwa ameanza kuona ukungu pembeni mwa macho, akajua huo ni msimu wake wa mwisho au wa mwisho kasoro mmoja. Shija hakuwa amewahi kupewa hata kwato. Kasanda ndiye aliyekuwa na shida kuliko wote: tembo walikuwa wameingia shambani kwake wakati mahindi yanakomaa, wasiache bua, na mkewe Nyamizi alikuwa ananyonyesha mapacha. Siku ya kuondoka Nyamizi alimfuata mlangoni.

"Baba Kulwa, rudi na pembe," alimwambia. "Sijui nitawapa nini hawa."

Walitembea siku tatu bila kuona kitu. Siku ya nne Kasanda akapiga goti. Nyayo za pofu, dume, mzee, peke yake. Lakini guu la mbele la kushoto lilikuwa linaburura, limechora mstari mchangani kila hatua.

"Anachechemea," akasema. "Kilema chenyewe si cha leo."

"Simba?" Shija akauliza.

"Labda."

Kasanda akayafuata machoro yale. Alipoteza njia kwenye majani yaliyoungua, akaipata kwenye gome la mti pofu alipojikuna, akaipoteza kwenye changarawe, akaipata tena. Mgalula na Shija walikuwa wanaona pori tu. Bila Kasanda wangekuwa wanazunguka mpaka kesho kutwa.

Siku ya tano vibuyu vikakauka. Midomo ilipasuka, na Mgalula, ambaye si mtu wa kulalamika, akasema warudi. Shija akawaambia wakae kivulini. Akaenda peke yake kwenye mto wa mchanga, akapigapiga kwa kisigino kutoka ukingo hadi ukingo jua likiwa utosini, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Alirudi na vibuyu viwili vimejaa, yeye mwenyewe akiwa hajanywa. Bila Shija wangekuwa wamegeuka nyuma, au wangelala humo moja kwa moja.

Siku ya sita wakamwona. Alikuwa amesimama uwandani, mbali mno kwa mshale, na mti wa kujificha hakuna. Upepo ulikuwa unakaribia kugeuka. Mgalula akafuta macho kwa kiganja, akafuta tena. Akavuta upinde mpaka kamba ikagusa sikio, akauachia mshale mmoja. Pofu akapiga hatua kama kumi za kuchechemea, akalala. Bila Mgalula wangekuwa wanamwangalia tu akiondoka.

Mpaka hapo, kama ningekuwa mtu wa kuwahurumia, ningewauliza mkaamue baina ya watatu, mkagombana kidogo, tukala karanga zetu.

Mgalula na Shija walikwenda kukata miti ya kuanikia nyama. Kasanda akabaki anachuna ngozi. Alipofika bega la kushoto kisu kikagonga chuma. Akapanua nyama kwa vidole, akatoa chembe cha mshale, ile ncha ya chuma, chekundu kwa kutu, kimezungukwa na nyama ngumu iliyoota juu yake. Kila mwindaji wa Mwilulu alitia alama yake kwenye chembe, ili watu wasigombanie mnyama. Kasanda akakifuta kwenye nyasi. Mistari mitatu, mmoja umekatiza.

Ilikuwa alama ya Lusangija.

Kasanda akakaa chini. Akaelewa yote kwa mara moja, jinsi mshale ulivyoingia na kuliziba tundu lake wenyewe, kama kizibo cha kibuyu, hata damu haikudondoka. Hakuna damu, alisema. Na kweli haikuwapo. Lakini rafiki yake alikuwa amempiga pofu, alisema amempiga, na angeaminiwa wangekwenda wanne, na watu wanne wangezuiana wasivuke mto ule gizani.

Aliona uchungu. Na hapo hapo, maana binadamu ndivyo tulivyo, akawaza lingine. Nyasi zilikuwa ndefu. Mvua ilikuwa njiani. Akikitupa chembe kile, hakuna atakayekiona milele. Ataendelea kuwa Kasanda asiyekosea, na huenda pembe ikawa yake, na mapacha wakala. Akafumba mkono. Aliwasikia wenzake wakija na miti, Shija anamtania Mgalula kwamba amepiga huku amefumba macho. Ngumi ya Kasanda ilikuwa bado imefumbwa walipofika.

"Una nini?" Mgalula akauliza.

Kasanda akafumbua mkono.

 Mgalula akatua miti chini. "Tulimwacha," akasema.

"Mimi ndiye niliyesema hakuna damu."

"Na sisi tulikuwa na masikio, Kasanda. Yeye alisema amesikia."

Shija alikuwa amegeuka, analia, na wakamwacha alie.

Walirudi Mwilulu siku ya kumi, wingu likiwa limeshuka mpaka kwenye vilima. Mlinzi wa pembe alikuwa Bi Nyanzala, mama mtu mzima asiyependa baraza ndefu. Alikiangalia chembe, akaiangalia pembe, akaangalia mbingu.

"Hatuna muda," akasema. "Na kujisemea kila mtu anajua. Kwa hiyo kila mmoja amsemee mwenzake. Kalunde naye aitwe."

Mgalula akamsemea Shija. "Tumembebesha vibuyu miaka yote tukamcheka. Siku ya tano mimi ndiye niliyesema turudi. Mshale wangu ulikunywa maji yake."

Shija akamsemea Kasanda. "Aliona nyayo ambazo sisi hatukuziona, hilo mnalijua. Lakini pia alikuwa peke yake na chembe kile. Angekitupa, nani angejua? Amejivua nguo mbele yenu ili rafiki yetu avishwe."

Kasanda akamsemea marehemu. "Pofu yule alichechemea kwa sababu ya Lusangija. Nilimfuata kwa lile guu linaloburura. Angekuwa mzima, nisingempata kwenye changarawe, na asingesimama kumngoja Mgalula. Lusangija hakufukuza kivuli. Naomba watoto wasiuimbe tena ule wimbo."

Ikabaki zamu ya Kalunde, na aliyebaki bila wa kumsemea alikuwa Mgalula. Kalunde akasimama. Watu walidhani atakataa.

"Nitasema kweli," akasema, "kwa kuwa nimeukosa ukweli mwaka mzima. Mshale wa mume wangu haukumuua mnyama huyu. Alitembea nao kiangazi na masika. Uliomlaza ni wa shemeji yangu Mgalula." Kisha akamgeukia Kasanda. "Nawe, shemeji, nakushukuru kwa kufumbua mkono. Lakini ungemwamini siku ile, nisingekuwa na cha kukushukuru. Sijui niyaweke wapi haya mawili."

 

Bi Nyanzala akanyanyuka kwa shida, akaichukua pembe, akamtia Kasanda mikononi. "Umesoma nyayo za kila mnyama," akamwambia. "Soma na hizi. Nenda kaitundike panapostahili, na kijiji kitanyamaza."

Basi Kasanda akatoka na pembe ile nzito. Nyumba nne zilikuwa zinamwelekea. Mlangoni kwa Shija hakukuwahi kutundikwa kitu. Mlangoni kwa Mgalula palikuwa na upinde ambao huenda usivutwe mwaka ujao. Mlangoni kwake mwenyewe alisimama Nyamizi, pacha kila mkono, anamtazama. Na mlangoni kwa Kalunde watoto watatu walikuwa wametoka nje na kupanga mstari, mkubwa hadi mdogo, maana wametoka kusikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yao alimpiga.

Upepo ulikuwa umeshaleta harufu ya udongo uliolowa.

Aliyenisimulia aliishia hapo, akainuka, akaenda zake. Nami naishia hapo. Kumbukeni sheria: yule ambaye bila yeye pofu angekuwa bado anatembea. Haya, acheni karanga. Kasanda amesimama, na tone halijaanguka bado. Wewe ungeitundika wapi?