Kichwa cha Shaba Kisichojua Utani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa nyuma hamjaitika? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme, jina lake Chui. Si Duma, tafadhali, Chui. Alimwamuru mhunzi Kakakuona amfulie kichwa cha shaba, kikafundishwa maneno yote ya nchi. Kichwa kilisikia kila neno, mashambani hata vitandani. Yeyote aliyetukana au kutisha, isipokuwa aliyeketi kwenye kiti cha enzi, kilimtolea hukumu: "Shimoni!" Nao askari nyani walimtupa humo, afe njaa.

Siku moja Pimbi alifiwa na bibi yake mzaa baba. Mtani wa Pimbi, Nguchiro, akaja mazikoni. Kwa desturi ya watani, akaruka kaburini akalala.

"Sitoki mpaka nipewe pombe! Bibi huyu alikuwa mlafi, na wewe Pimbi nitakuzika naye!"

Waombolezaji wakacheka, machozi yakiwatoka. Kichwa hakikucheka.

"Shimoni!"

Nyani wakambeba Nguchiro. Matanga yalipoisha, Pimbi akamkimbilia mfalme. "Mtukufu, yule ni mtani wangu!"

"Kichwa hakikosei."

"Asiponitukana yeye, nani atanifariji?"

"Kichwa hakikosei."

"Atakufa, Mtukufu!"

"Kichwa hakikosei. Nenda zako."

Pimbi akaenda, tena mbio, hadi kwa Fisi, mtani wa ukoo wa chui.

"Bwana Fisi, mwaka huu hujamsalimu mtani wako?"

"Lo! Nimechelewa!"

Fisi akaingia barazani Chui akiwa amesimama, akajitupa kwenye kiti cha enzi. Ndiyo desturi yao: mtani hukalia kiti, na mwenye kiti humtoa kwa matusi. Asiyejibu amefedheheka.

"Wewe paka mkubwa, niletee mfupa!"

Chui akacheka, akajisahau. "Shuka, mla mizoga! Nitakuchuna ngozi!"

"Shimoni!" kikasema Kichwa.

Nyani wakamkamata Chui.

"Niacheni! Ni utani!"

"Kichwa hakikosei, Mtukufu," wakasema, wakimburuta.

Walipofika shimoni, Chui akanong'ona, "Kinakosea."

"Hatukusikia, Mtukufu."

"Kinakosea."

"Kwa sauti, na waliomo ndani wasikie."

"Kichwa kinakosea!"

Nyani wakamwachia, wakashusha kamba. Nguchiro akapanda, amekonda kama ufito. Pimbi, aliyekuwa amewafuata, akamtazama juu hadi chini.

"Umetoka? Hasara iliyoje! Nimeshakula wali wa matanga yako!"

"Shimoni!" kikapiga kelele Kichwa. "Shimoni! Shimoni!"

Hakuna nyani aliyeinuka.

Hadithi yangu naikomesha hapo. Aliyechukia akamuulize mtani wake.