Mtoto Aliyebembelezwa Anyonye

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imetembea, imechoka!
— Ipeni kigoda!
Ina maneno mengi!
— Na sisi tuna masikio mawili mawili!

Basi tulieni. Na wewe mwenye mtoto anayelia huko nyuma, mpe titi anyamaze. Leo hakuna wa kukucheka, maana hadithi yenyewe ni ya mambo hayo hayo.

Hapo kale, zamani ambazo hata aliyemzaa bibi yangu alikuwa hajaota jino, paliondokea mwanamke jina lake Sikujua. Aliishi bondeni na mumewe, Mbelwa, mtu wa jembe na maneno machache. Walikaa miaka saba bila mtoto. Mwaka wa nane Sikujua akamzaa Mhina. Mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti ya kuamsha majirani. Akampenda, niwaambieje? Mtoto akipiga chafya, mama ndiye anayejishika kifua.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mtoto wa kwanza ni wa bibi mzaa baba. Siku akiacha ziwa, bibi anakuja kumchukua, anakwenda kuishi naye mpaka aote meno ya pili. Lakini mtoto anayenyonya haguswi. Hata mfalme mwenyewe hana ruhusa ya kumtoa kifuani kwa mama yake.

Na bibi mzaa baba alikuwepo, tena mzima wa afya. Bibi Mwanamvua, mjane, mwenye mbuzi sita na ulimi usiolala. Aliishi juu ya kilima. Msidhani ni kilima cha mbali! Moshi wa jiko lake ulionekana kutoka uani kwa Sikujua. Akikohoa sana, anasikika. Lakini mwambie mama kwamba kilima kiko karibu, uone atakavyokutazama.

Basi Sikujua akanyonyesha. Mhina akatambaa, ananyonya. Akasimama, ananyonya. Akaanza kukimbiza kuku, ananyonya, na kigoda anajiletea mwenyewe. Akinyonya titi moja, la pili analishika kwa mkono, asije mtu akalichukua. Wenzake Sikujua wakawa wanamtania kisimani.

"Sikujua, huyo mwanao ataoa lini?"

"Akishashiba," anajibu, na kucheka anacheka naye. Moyoni anasema, bado yuko kwangu.

Ikafika siku moja, mahindi mabichi yameiva. Sikujua ametoka shamba, akakaa chini, akafungua kanga, akaita, "Mhina, njoo."

Mhina alikuwa ameshika hindi la kuchoma kwa mikono miwili. Akamtazama mama yake. Akalitazama hindi. Akasema, "Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Sitaki titi. Mimi mkubwa."

Akaendelea na hindi lake. Hivyo tu. Hakulia, hakuaga, hakugeuka nyuma. Ninyi akina mama mnaoguna hapo mnajua ninachosema. Unangoja siku hiyo upumzike, halafu ikija unatafuta pa kujificha ulie. Kesho yake akakataa. Keshokutwa akakataa. Mwezi haujaisha, maziwa ya Sikujua yakakauka.

Mama yule akatazama ule moshi wa kilimani, akahesabu siku, akaingiwa na hofu. Bibi akijua, mtoto anakwenda. Akajiambia, basi asijue.

Haikuchukua muda, Bibi Mwanamvua akateremka. Kabla hajafika uani sauti yake ilishafika.

"Hodi mke mwenzangu! Nimekuja kumuulizia mume wangu. Ameacha ziwa?"

"Karibu mama. Bado. Tena ndiyo kwanza amezidi."

"Amezidi? Na meno yote yale? Haya, nimemletea ndizi mbivu na uji wa mtama. Nitakaa hapa nimwone. Akiona ndizi, titi atalisahau."

Sikujua akamshika Mhina mkono, wakazunguka nyuma ya jiko. Akachuchumaa.

"Mhina, njoo unyonye."

"Sitaki. Mimi mkubwa."

"Kidogo tu, baba. Bibi aone."

"Utanipa nini?"

Sikilizeni dunia ilivyogeuka! Kote watoto wanalilia titi. Huyu analiliwa yeye.

"Nitakupa kiazi kitamu."

"Cha kuchoma?"

"Cha kuchoma."

Wakarudi. Mhina akazipita ndizi, akaupita uji, akapanda mapajani kwa mama, akanyonya titi kavu huku anatazama majivu ambamo kiazi kingechomwa. Bibi akatikisa kichwa. "Makubwa! Mume wangu ni mnyonyaji hasa." Akala ndizi zake mwenyewe, akapanda kilima.

Sikujua akashusha pumzi. Mhina akapata kiazi.

Mwezi ukapita. Bibi akateremka tena. Safari hii amebeba manyoya ya kuku jike mweusi.

"Hodi mke mwenzangu! Mume wangu ameacha?"

"Bado, mama."

"Basi leo ataacha. Mama yangu aliniachisha mimi kwa manyoya. Mtoto akifungua kanga akakuta kuku, anakimbia harudi. Niletee uji mzito nibandikie."

Wakazunguka nyuma ya jiko, mama na mwana.

"Mhina, njoo unyonye."

"Sitaki. Mimi mkubwa."

"Kidogo tu, baba. Bibi aone."

"Utanipa nini?"

"Kiazi."

"Kiazi nimeshakula. Nataka kuvaa kofia ya baba."

Kofia ya Mbelwa ilikuwa ya kwenda misibani na harusini, haiguswi na mtoto. Sikujua akaifuata, akamvika. Ikamfunika mpaka puani. Wakarudi, bibi akabandika manyoya, kifua cha Sikujua kikawa banda la kuku. Mhina akaja anapapasa kwa sababu haoni. Akagusa manyoya, akayapuliza, fuu! Akanyonya.

Bibi Mwanamvua akamwangalia. Akamwangalia tena. Alikuwa amenyonyesha watoto tisa, na mtoto anayenyonya anamjua. Macho yake yanalegea, vidole vya miguu vinacheza. Huyu miguu imekaza, pua ameikunja chini ya kofia, ananyonya kama anayekunywa dawa ya minyoo. Na manyoya amemeza mawili.

Mwanamke mwenye ulimi usiolala akakaa kimya! Sikujua angekuwa na akili timamu siku ile, angeogopa hapo. Lakini yeye alifurahi. Alimsindikiza mkwewe mpaka chini ya kilima, akirudi anaimba.

Mwezi wa tatu, bibi akaja mapema, umande haujakauka. Mkononi ana jani la shubiri, limekatwa, linachuruzika.

"Hodi mke mwenzangu. Mume wangu ameacha?"

"Bado, mama."

"Haya. Hii shubiri imewaachisha hata ndama. Mlete."

Nyuma ya jiko.

"Mhina, njoo unyonye."

"Sitaki. Mimi mkubwa."

"Kidogo tu, baba. Bibi aone."

"Utanipa nini?"

"Kiazi, na kofia, vyote viwili."

Mhina akafikiri. Akasema, "Nataka kwenda kwa bibi kuona mbuzi."

Kumbe mtoto amesikia habari za mbuzi! Alichokuwa akikikimbia miezi yote, mtoto anakiomba kama zawadi.

"Taja kingine, mwanangu."

"Mbuzi."

"Nitakutengenezea ngoma."

"Mbuzi."

"Nitakubeba mgongoni mpaka mtoni."

"Mbuzi."

Na kule uani bibi anakohoa, yuko tayari. Sikujua akasema haraka haraka, "Haya, tutakwenda." Alisema tu. Kwenda hakuwa na nia ya kwenda. Watoto, msinisikilize hapo.

Bibi akapaka shubiri. Alipaka ya kutosha, akaongeza. Mhina akapanda mapajani. Akaweka mdomo. Loo! Uso ukajikunja, machozi yakamtoka, masikio yakacheza. Lakini hakutoa mdomo. Mbuzi sita! Akanyonya, akanyonya, mpaka akaona inatosha. Akashuka. Akatema mate mara tatu, akajifuta ulimi kwa kanga ya mama yake, akaenda kumshika bibi mkono.

"Haya bibi, nimeshanyonya. Twende kwa mbuzi."

Bibi akaliweka jani la shubiri chini.

"Ehee," akasema bibi. "Kwani mume wangu ulikuwa unanyonya ili twende kwa mbuzi?"

"Ndiyo. Na ile siku nyingine ilikuwa kiazi. Na siku nyingine kofia ya baba. Titi lenyewe halina kitu, bibi. Ukitaka jaribu."

Sikujua akatamani ardhi ipasuke immeze. Akatafuta uongo mwingine, haukuja. Akajifunga kanga yake, akapiga magoti mbele ya mkwewe, akasema kweli.

"Mama, nisamehe. Mtoto ameacha. Ameacha tangu mahindi mabichi, tena kwa hiari yake. Mimi ndiye sijaacha."

Akalia. Si kilio cha kuombea msamaha, kilio cha mtu aliyechoka kujificha.

Bibi Mwanamvua akamwacha alie. Halafu akasema, "Nilijua tangu manyoya. Niliporudi nyumbani sikulala kwa kucheka. Basi sasa nimejua nani wa kuachishwa. Mhina, njoo hapa kwa bibi."

Akachukua lile jani, akampaka Mhina shubiri shavu la kulia. Akampaka na la kushoto.

"Haya, mke mwenzangu. Muage mwanao."

Sikujua akamvuta mtoto, akambusu shavu la kulia. Mdomo ukashika moto wa uchungu. Akakunja uso vilevile alivyokunja Mhina, mama na mwana huwezi kuwatenganisha.

"Chungu?" akauliza bibi.

"Chungu, mama."

"Umeacha?"

Sikujua akameza mate. Akasema, "Lete na la pili."

Bibi Mwanamvua alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka mpaka jani likamtoka mkononi. Alipomaliza akajifuta macho kwa pindo la kanga, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Huyu bado," akasema. "Huyu tukimwachisha leo ataugua. Sikiliza, mwanangu. Mimi sikuja kukunyang'anya. Nina nyumba pale juu, asubuhi nikiamka naongea na mbuzi. Tangu mzee afariki hakuna anayeniita kutoka ndani. Na desturi nimeikuta, sikuitunga mimi. Lakini mtoto huachishwa polepole, unapunguza moja moja. Kwa nini mama aachishwe kwa siku moja?"

Ndivyo walivyopatana, wanawake wawili na mtoto mwenye mashavu machungu.

Mara ya kwanza, Mhina alikunywa uji kwa mama, akapanda kilima, jua la utosi akarudi. Sikujua hakufanya kazi yoyote. Alisimama njiani tangu mtoto alipoondoka. Aliporudi alimkagua vidole, asije amepungua kimoja.

Mara ya pili, Mhina alikaa huko mpaka mbuzi wanaingia bandani. Sikujua alijitahidi. Alipika, akafagia, akafagia tena palepale. Mwisho akashindwa, bibi na mjukuu wakakutana naye katikati ya kilima, anahema, anasema alikuwa anatafuta kuni. Mkononi hana hata kijiti.

Mara ya tatu, Mhina alilala huko siku mbili nzima. Siku ya kurudi, mchana, bibi na mjukuu wakateremka wanaimba. Wakatazama njiani, hakuna mtu. Wakafika katikati, hakuna mtu. Bibi akaanza kuingiwa na wasiwasi, akaongeza mwendo. Wakaingia uani, hodi haijibiwi.

Wakamkuta nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta. Amejilaza juu ya mkeka anaousuka, ukili mkononi, mdomo wazi, anakoroma taratibu. Pembeni pana bakuli tupu, mtu amekula akashiba. Miaka mitatu na zaidi hakuwa amelala hivyo.

Bibi akafungua kinywa amwite. Mhina akamvuta kanga, akaweka kidole mdomoni.

"Shh. Bibi, usimwamshe," akasema. "Mama ameacha."

Hadithi yangu imekauka, haina hata tone!
— Tumeshiba!
Aliyeshiba acheue!
— Na ambaye bado?
Ambaye bado akabembeleze kwao, mimi niacheni nikalale.