Swala Asiye na Pembe na Mafiga Matatu

Paukwa!

— Pakawa!

Aka, mmeitikia kama mliolazimishwa. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakichaguana kwa kura, aliishi Swala jike mmoja, kijana, mwenye mdomo. Alikuwa bingwa wa kubishana. Akishika hoja haiachii, hata ikimfia mkononi. Msinitazame mimi, tazameni moto.

Huyu Swala alikuwa msemaji wa Chama cha Pembe. Pembe mwenyewe hana; swala jike haoti pembe. Ukimuuliza anakujibu, "Pembe ni itikadi!" Basi unanyamaza.

Mwaka huo jua lilikuwa kali, kisima kikabaki kimoja. Zikatangazwa nafasi tatu: mlinzi wa njia, mlinzi wa malisho na mlinzi wa kisima. Kila mnyama akapewa kokoto tatu za kutumbukiza vibuyuni. Chama cha Pembe kikamsimamisha Pofu kwenye njia na Kuro kwenye malisho, wote watu wa maana. Kwenye kisima kikamsimamisha nani? Nyati! Nyati ambaye akiona maji hanywi, anayalalia! Chama cha Mkia kikamleta Kobe. Mkia wake hata yeye huusahau, lakini akinywa mahali huwezi kujua kama alipita.

Pofu mwenyewe alimvuta Swala pembeni. "Dada, huyu Nyati mimi ananitia shaka."

"Ndugu mgombea, kazi yako si kuwa na shaka," Swala akamjibu. "Kazi yako ni kusimama naye."

Nyumbani kulikuwa na mama yake, mzee, miguu imemwishia, hawezi tena kwenda kunywa mtoni kwa Mamba. Akasema, "Mwanangu, njia nampa Pofu, malisho nampa Kuro, kisima nampa Kobe."

"Mama! Chungu hukaa juu ya mafiga matatu! Ukiondoa moja kinapinduka!"

"Kupika najua, mwanangu. Nyati analala majini."

"Anayakagua!"

"Anakojoa humo humo."

"Hizo ni propaganda za Mkia!"

Wakabishana mpaka mama akachoka. "Haya, umenishinda. Kushindwa nimeshindwa, kuridhika sijaridhika." Akaenda akatumbukiza kokoto zake zote kwa Pembe. Nyati akampita Kobe kwa kokoto moja.

Kesho yake Nyati akaingia kisimani mpaka shingoni. Mama alipofika na kibuyu, akakuta tope.

"Haya, msemaji. Hiki ni nini?"

Swala akakohoa. "Hayo, mama, ni maji yenye msimamo."

Hata kunguru waliona aibu.

Swala akasimama ukingoni. "Mheshimiwa, toka, mama ana kiu."

"Nalinda."

"Mheshimiwa, toka, mama ana kiu."

"Nalinda."

"Mheshimiwa, toka! Mama midomo imempasuka!"

"Si wewe uliyesema nakagua? Leo nimeanzia chini."

Swala akawakimbilia Pofu na Kuro wakamtoe. Wakatazamana. "Tumtoe? Chungu kipinduke?" Swala akatafuta jibu. Hoja zikamjia kwa wingi, zote za kumpinga yeye mwenyewe, na zote nzuri kuliko alizowahi kuzitoa jukwaani.

Alipogeuka, akamwona mama anachechemea na kibuyu chake.

"Mama, wapi?"

"Mtoni."

"Mama, kuna Mamba!"

"Mamba hana chama. Labda tutaelewana."

Hapo Swala alitimua mbio, akamkatia njia kwenye korongo kavu, akaanza kuchimba mchanga kwa kwato. Akachimba, akachimba, akachimba. Hakuhutubia. Kwato zikachubuka, mchanga ukaporomoka, akaanza upya. Jua likielekea kuzama, maji yakajikusanya chini ya shimo, kidogo tu, kama ya kujaza kiganja.

Mama akainama akanywa. Akainua kichwa. "Yana mchanga."

Swala akafungua mdomo. Akaufunga.

Msidhani alipona! Uchaguzi uliofuata njia alimpa Pofu, malisho alimpa Kuro, kisima akampa Kobe. Vizuri. Kisha akapanda juu ya kichuguu akahutubia mpaka wasikilizaji wakasinzia: kwamba huo ndio ulikuwa msimamo wake tangu awali, na kwamba anayepiga kura ya mafiga matatu bila kukagua kila figa ni mjinga, na aliyemshawishi ni mjinga zaidi.

Mama yake akainua kwato kuuliza swali.

Swala akatangaza kwamba muda wa maswali umekwisha.

Na wangu umekwisha pia. Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeridhika abishane na moto.