Chungu cha Uvunguni

"Chungu cha uvunguni ndicho kilicholea nyumba." Ndivyo alivyosema shangazi yenu Saumu sasa hivi, Zubeda alipoona wageni wanakata kona akakisukuma chungu cha mnavu nyuma ya mlango. Wageni wamekwenda kuswali, wakirudi watakula. Nanyi mmeniuliza chungu kinaleaje nyumba, tena kikiwa uvunguni. Haya, endeleeni kumenya hizo karanga, ila msizimalize kwa kuonja, nami nitawaeleza. Methali hii ilizaliwa huku huku milimani kwetu, mchana kweupe, mbele ya sinia la wali.

Zamani, si zamani za mababu, ni wakati mimi nina meno yangu yote, kijiji chetu cha Kwemtunda kilikuwa na desturi iliyoitwa kulaza chungu. Kila nyumba ilipika mboga za kwetu: mnavu, mchunga, kisamvu, na makande ya mahindi na maharage yaliyoanza kuchemka tangu alfajiri. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha kila siku. Lakini hodi ikipigwa tu, hata mwenye nyumba hajaitikia karibu, mtoto mmoja amekwishakinyakua chungu na kukisukuma uvunguni mwa kitanda. Kitalala humo mpaka mgeni aondoke. Mgeni mwenyewe alipikiwa wali mweupe na nyama ya kukaanga iliyoogelea mafuta, na chai ya maziwa yenye sukari ya kunata midomoni. Kumpa mgeni mnavu ilikuwa sawa na kumwambia, "Wewe si kitu." Kila mtu alijua kuna chungu uvunguni, maana alikuwa na cha kwake, lakini hakuna aliyethubutu kukitaja.

Basi palikuwa na mzee mmoja, Shembilu, aliyekuwa mshenga. Ukitaka mke, ukimtuma Shembilu, umeshaoa nusu. Alikuwa na maneno laini na sauti ya kubembeleza. Baba wa binti aliyeapa asubuhi kwamba hatoi mtoto, jioni utamkuta anauliza arusi ni lini. Na kwa sababu mshenga haendi nyumba ya watu akarudi na njaa, Shembilu alikula kila alikokwenda. Leo wali wa huku, kesho wali wa kule. Mkewe, Bi Tatu, alipika makande yake akayala peke yake na wajukuu. Shembilu akanenepa, watu wakamsifu, "Mzee umependeza!" Naye akafurahi, nani hafurahi?

Asubuhi moja alikuwa nyumbani kwake anakunywa chai. Chai ikamchuruzika pembeni mwa mdomo, ikalowesha kanzu. Akataka kumwita mkewe, ulimi ukakataa. Jina la mwanamke aliyeishi naye tangu ujana likagoma kutoka. Bi Tatu alipogeuka akaona mdomo wa mumewe umepinda, upande mmoja umeshuka kama pazia lililong'oka msumari. Akapiga yowe. Majirani wakaja, wakamweka kwenye machela, wakashuka naye kilima mpaka barabarani, na aliyeshika mbele akiwahimiza wenzake ni baba yake Hoza, jirani wa nyumba ya pili.

Hospitalini wakaambiwa ni kiharusi, lakini Mungu amewahurumia, ni chepesi. Presha ilikuwa juu, na sukari nayo ilikuwa inapanda. Daktari, mama mmoja mpole, akampa Shembilu vidonge na kumkataza kuviacha hata akijiona mzima. Kisha akamgeukia Bi Tatu.

"Nyumbani mnakula nini?"

Bi Tatu akaona haya. "Vya kwetu tu, daktari. Mnavu, mchunga, makande. Ndizi. Parachichi likiiva."

"Ugali?"

"Wa dona."

"Mbona unasema kwa kuinamisha kichwa?" daktari akasema. "Hivyo ndivyo ningewaagiza. Mtu anayekula hivyo siku zote, akapunguza chumvi na mafuta na sukari, anaweza kujipunguzia hatari ya maradhi haya ya moyo na kiharusi na kisukari. Sisemi hataugua kabisa, hilo ni la Mungu. Na chakula hakifanyi kazi ya vidonge. Lakini vidonge navyo havifanyi kazi ya chakula."

"Sasa daktari, huyu hali kwangu. Huyu hula kwa watu."

Daktari akacheka, kisha akaona Bi Tatu hacheki. "Basi awaambie hao watu."

Shembilu, kwa ulimi wake mzito, akajikongoja kusema, "Mgeni... hamfundishi mwenyeji... kupika."

Akarudi nyumbani. Akameza vidonge vyake, akala chungu cha mkewe. Pole pole mdomo ukarudi mahali pake, maneno yakarudi, ukabaki mkono wa kushoto tu, ambao ukishika kikombe unatetemeka. Ugonjwa wake waliujua waliombeba, na aliwaomba wasiuseme. Aliogopa. Nani atamtuma mshenga aliyewahi kupinda mdomo?

Haukupita muda baba yake Hoza akaja. Kijana wake Hoza amempenda Hidaya, binti wa Mzee Kaoneka na Bi Mashavu wa kilima cha pili. Anamwomba Shembilu akaseme.

"Utakataa?" Bi Tatu akamuuliza mgeni alipoondoka.

"Mtu aliyenibeba kwenye machela nitamkataliaje, Tatu?"

"Mimi sikatai useme. Nakataa ule." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Mzee, nimeshakuona mara moja huwezi kuniita jina. Sitaki kuona mara ya pili."

Shembilu akaenda kwa Kaoneka na neno hilo kifuani. Siku ya kwanza akasema amefunga. Bi Mashavu, mwanamke wa mikono mepesi na moyo wa kuumia haraka, alirudisha sinia jikoni. Kabla ya Shembilu kufika kwake, kilima kizima kilishasikia kwamba mshenga amekataa chakula cha Bi Mashavu, na kwamba pengine amepewa kitu na watu ili aivunje posa. Hidaya akalia. Hoza akakosa usingizi.

Siku ya pili ndiyo siku ya jibu, na kwa desturi yetu jibu haliji mpaka watu wale. Mshenga asipokula, hakuna jibu, na posa imekufa. Safari hii baba yake Hoza alimpa mshenga mtu wa kwenda naye, mdogo wake aitwaye Shekolowa, mtu wa kukunja uso, mwepesi wa kuona dharau hata pasipokuwa na dharau. Kazi yake ilikuwa kuangalia na kurudisha habari.

Wakakaribishwa, wakakalishwa mkekani. Sinia likaja. Wali mweupe kama pamba, nyama juu yake inang'aa mafuta, chumvi unaisikia kabla hujaonja. Mzee Kaoneka akasema bismillahi. Bi Mashavu akasimama mlangoni, mikono ameifunga, macho kwa Shembilu.

Shembilu akanawa. Mkono ukaenda mpaka kwenye sinia, ukasimama. Akamwona Bi Tatu akipiga yowe. Akamwona Hoza. Akisema hali, kijana wa mtu aliyembeba anakosa mke. Akila, na kesho atakula kwingine, na keshokutwa kwingine, maana kila nyumba itataka kumheshimu vivyo hivyo.

Ndipo harufu ikamfikia. Ilitoka chumbani, nyuma ya pazia: mnavu uliopikwa na karanga. Wakati huo huo kuku mmoja alikuwa amepenya chini ya pazia, na mara ikasikika, ko! ko! ko! kisha kifuniko kikaanguka sakafuni, ngaa!

Bi Mashavu akakohoa. Kaoneka akatazama mikono yake. Shekolowa akainua macho darini, kama adabu inavyotaka.

Shembilu akasema, "Bi Mashavu, nina swali la utovu wa adabu."

"Uliza tu, baba."

"Huyo aliyelala uvunguni ni nani?"

Bi Mashavu akababaika. "Ni... ni paka."

"Paka wenu ananukia karanga?"

Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka kikazibwa kwa kiganja. Alikuwa Hidaya.

"Mzee, usiniaibishe," Bi Mashavu akasema, na machozi yakamlengalenga. "Ni mnavu tu. Wa watoto."

"Basi naomba huo wa watoto."

"Mzee Shembilu!" Shekolowa akaruka kama aliyekalia siafu. "Tumekuja kuposa, hatukuja kuchuma majani! Nikarudi niwaambie ndugu zangu tulipewa mnavu? Watasema tumedharauliwa!"

"Waambie mshenga aliomba." Shembilu akachukua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, akakiinua mbele ya watu wote. Kikatetemeka, chai ikamwagika mkekani. Hakukificha. "Tazameni. Mdomo huu mnaousifu ulipinda. Nilishindwa kumwita mke wangu jina. Baba yake Hoza mwenyewe alinibeba kwenye machela. Hospitali wamenipa vidonge ninavimeza, wakaniambia nile majani na maharage na dona, nipunguze chumvi na mafuta. Navyo vyote vimejaa kijijini hapa! Lakini mimi nitavipata wapi? Kila nyumba ninayoingia vimeshalazwa. Mnaniheshimu, ndugu zangu, nawashukuru sana. Lakini heshima yenu inanichimbia kaburi, na mimi kwa haya zangu nimeshika jembe nawasaidia."

Kuku akatoka nyuma ya pazia, mdomo wa kijani, akapita katikati ya watu kama mwenye nyumba.

"Nikuulize, Bi Mashavu," Shembilu akaendelea, sasa kwa ile sauti yake ya ushenga. "Huyu Hidaya tunayemtaka, anapanda kilima hiki na ndoo kichwani huku anaimba. Umemlea kwa sinia hili?"

"Sinia hili?" Bi Mashavu akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Sinia hili watoto wangu hulila Idi."

"Umemlea kwa nini?"

Bi Mashavu akatazama pazia. "Kwa hicho cha uvunguni."

"Basi chungu cha uvunguni ndicho kilicholea nyumba. Sisi tumekuja kuomba kilicholelewa. Tutakionaje haya kilicholea?"

Mzee Kaoneka akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, mabega yakitikisika tu. Bi Mashavu akaingia chumbani. Wakamsikia akipiga magoti, wakasikia chungu kikiburutwa. Akatoka amekipakata, anakipangusa vumbi kwa kanga yake nzuri.

"Kuku ameshaonja pembeni," akasema kwa haya. "Nitawapakulia katikati."

"Kuku ni mgeni mwerevu kuliko sisi," akasema Shembilu.

Hidaya akaleta ugali wa dona uliobaki jikoni, bado wa moto. Shembilu akamega, akachovya, akala. Alikula taratibu, na hakuona haya tena. Kaoneka naye akala. Shekolowa alikunja mikono kwanza. Kisha akamega tonge dogo, la kuonja tu, kwa ajili ya ushahidi. Kisha jingine. Mwishowe akasogeza bakuli upande wake, akasema bila kumtazama mtu, "Kumbe uvunguni kunapikwa." Watu wakacheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Na jibu lilipotolewa siku ile, Bi Mashavu ndiye aliyelitoa kabla ya mumewe: "Mchukueni. Nyumba inayokula na sisi tunachokula, mwanangu hatalala njaa huko."

Siku ya arusi Hidaya alipelekwa kwa mumewe, na mbele ya masinia yote Bi Mashavu alimweka mwanamke amebeba kile chungu, kimesuguliwa kikang'aa, kimefunikwa kitambaa cheupe. Waliosimama njiani walicheka, kisha wakaacha. Shembilu alikuwa amesimama mlangoni kwa Hoza na Bi Tatu ubavuni. Bi Mashavu alipofika, Shembilu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, ule wa kushoto ukitetemeka.

"Asante, mama. Ulikubali kuaibika ili mimi nipone."

"Usinishukuru, mzee," Bi Mashavu akasema. "Mungu alinipa kitu kizuri kila siku, na mimi kila siku nikikificha. Wewe ndiye uliyenifundisha kushukuru."

Tangu hapo Shembilu alikwenda na kadi yake hospitali bila kukosa, na kila nyumba aliyopeleka posa, chungu kilikuwa mezani kabla hajakaa. Watu wengine walisema wanamwekea yeye tu, mgonjwa. Lakini nao walikuwa wanapakua. Nyama na wali havikuondoka kijijini, sherehe ni sherehe, ila vilijua nafasi yake. Mzee yule aliishi mpaka akambeba mtoto wa kwanza wa Hidaya, na pale alipompa jina aliliita kwa ulimi safi, kisha akamgeukia mkewe akaita na lake: "Tatu." Bi Tatu akalia mbele za watu, akasema Alhamdulillahi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Haya, karanga zimetosha. Nadhani wageni sasa wanavaa viatu vyao huko msikitini. Zubeda mjukuu wangu, usiinamishe uso, hukujua. Nenda nyuma ya mlango ukakitoe, ukipanguse, ukiweke katikati ya meza, uwaambie karibuni kwa sauti. Nao wakikuuliza ni nini, waambie bila haya: chungu cha uvunguni ndicho kilicholea nyumba.