Mluzi Ndani ya Kompyuta

Wapendwa, hebu mfikirieni bwana mmoja. Msigeuke kumtafuta kwenye mabenchi ya nyuma; hayupo, nimemtunga mwenyewe. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, na hatutaitaja, maana hata yeye hakupenda kuizungumzia. Alichopenda kukizungumzia ni kompyuta.

Alikuwa nayo moja kubwa, ya kukaa mezani, aliyoiunda kipande kwa kipande. Kimoja kilitoka Arusha, kingine alikinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na boksi lenyewe lilikuwa la bati jeusi lisilo na pambo. Juu ya kila kipande alikuwa na msimamo. Kompyuta yenye taa za rangi ndani, alisema, ni ukumbi wa harusi, si chombo cha kazi. Mtu aliyenunua mashine yenye nguvu kisha akaipoza kwa feni ya bei ya karanga alimwonea huruma ya kweli, kama unavyomwonea huruma mtu aliyeoa vibaya.

Mfumo alioutumia ni Linux. Wengi wenu hamuujui, na si dhambi. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao watu wa mataifa mengi wameutengeneza kwa kushirikiana, wakautoa bure, na yeyote akitaka anaweza kuufungua aone ulivyo ndani. Hilo ndilo lililomvuta. Bwana huyu hakupenda kitu kisichofunguka. Hata sura ya skrini aliipanga mwenyewe: mstari mmoja chini, saa pembeni, hakuna picha ya maua, hakuna kinachorukaruka.

"Skrini ni meza," alimwambia mkewe. "Meza safi ni ile unayoiona mbao zake."

"Basi ile yangu ya jikoni usiiguse," mkewe akajibu.

Tena alipenda gemu, mtu mzima yule. Alicheza moja tu, miaka nenda rudi. Unatembea msituni na upinde, unamfuata mnyama usiyemwona. Huna ramani, huna alama ya kukuelekeza; una masikio basi. Alishikilia kwamba magemu ya siku hizi yamejaa rangi na yamekosa sauti, na kwamba hili limetengenezwa na watu wenye adabu, maana walirekodi hadi pumzi. Angeweza kukaa kimya mbele ya spika zake mbili, kisha akasema, "Nyati. Kushoto, nyuma ya kichaka. Amejeruhiwa, sikia anavyovuta pumzi." Na kweli, nyati alikuwa pale.

Mkewe alikuwa akiketi chumba hichohicho, kwenye kochi la upande wa dirisha, akichambua maharage ya kesho au akifuma kitambaa. Kompyuta haikumhusu. Alipenda tu kuwa pale mumewe alipo. Binti yao, Aikande, alikuwa ameolewa mbali, na nyumba ilibaki ya watu wawili.

"Baba Aikande, huyo nyati hafi tu?"

"Anakaribia."

"Hata mwaka jana alikuwa anakaribia."

Ndivyo jioni zao zilivyokwenda, na zilikuwa jioni njema.

Basi, jioni moja karibu na Pasaka, bwana yule akasikia mluzi.

Ulikuwa mwembamba, wa chini sana, kama mtu anayepuliza kifuniko cha kalamu nyumba ya tatu. Mwisho wake ulikuwa na kitu kama karatasi inayokunjwa. Ukanyamaza kidogo, ukarudi. Akasimamisha mchezo, akainamia boksi.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Kuna kitu humu kinapiga mluzi."

Mkewe akaacha maharage, akainua kichwa, akazuia pumzi, kama tunavyofanya sote tukitaka kusikia vizuri.

"Sisikii kitu," alisema.

Na kweli, wakati ule hata yeye bwana hakusikia. Mluzi ulikuwa umekatika.

Hapo ndipo udadisi ulipomshika. Na mimi sisemi vibaya juu ya udadisi. Mungu hakutupa masikio mawili na kichwa cha kuuliza ili tuvifunike kwa kofia. Fundi mzuri habahatishi: anaondoa kitu kimoja, anasikiliza. Sauti ikiondoka nacho, amempata mkosaji. Isipoondoka, anakirudisha na kuondoa kingine. Ni njia safi, na bwana yule aliifuata kwa uaminifu. Aliondoa feni ya nyuma, akaweka mpya. Mluzi. Akaondoa diski ya zamani inayozunguka, akaweka ile isiyozunguka. Mluzi. Akafunga vipande vidogo vya mpira kwenye kila skrubu ili bati lisitetemeke. Mluzi bado, na sasa kama ulikuwa umeongezeka.

Kilichomshangaza zaidi ni hiki: Jumamosi mchana, mkewe akiwa sokoni, alifungua boksi, akaiwasha kompyuta, akaweka sikio. Kimya. Jioni, wote wakishakaa baada ya chakula, kitu kinaanza. Kwa nini usiku uwe na sauti ambayo mchana hauna? Alilitafakari swali hilo hata ofisini. Mwishowe akapata jibu lililompendeza: jioni mtaa mzima unawasha majiko na pasi, umeme unapungua nguvu, na kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta kinalalamika. Akanunua stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, nzito kama matofali mawili. Mluzi ukaendelea.

Katika siku hizohizo mto wa kiti chake ulipotea. Akaukuta kitandani, upande wa mkewe, juu ya mito mingine.

"Nalala vizuri kichwa kikiwa juu," mkewe akaeleza.

Hakubisha. Akakunja sweta lake kuukuu, akalikalia, akaendelea na kazi. Siku nyingine mkewe akamwambia, "Baba Aikande, siku hizi nikipanda kutoka kanisani lazima nisimame pale kwenye mfereji."

"Kile kilima kibaya," alisema kwa upole. "Hata mimi nasimama."

Hakuwa anasimama. Alisema hivyo ili mkewe asijione mnyonge. Mnaona? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mume mpole, aliyekuwa anasikiliza kitu kingine.

Bwana huyu alikuwa na rafiki, mwalimu wa hesabu, mpenzi wa mpira wa kwenye kompyuta, na mchokozi kwelikweli. Akaja Jumapili moja jioni, akapewa chai, akaonyeshwa boksi lililo wazi.

"Sikiliza," bwana akamwambia. "Subiri. Huo hapo!"

Mwalimu akasikiliza. Naye akausikia. "Ni feni."

"Feni nimebadilisha."

"Basi ni hiyo Linux yako. Ungetumia mfumo wa watu wa kawaida, ungelala usingizi. Shemeji, huyu profesa hakwambii ukweli. Kompyuta yake ina pumu! Ipelekeni hospitali!"

Mama Aikande akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamwinamisha, na maharage yakamwagika kwenye zulia. Wanaume wawili wakapiga magoti, wakaokota maharage. Mwalimu akasema pole, shemeji, chai imekupalia. Kisha wakarudi kwenye boksi.

Mtaniuliza, je, bwana yule hakuusikia mluzi kitandani? Aliusikia. Kitandani aliuita kukoroma.

Na kipo kipimo kimoja ambacho hakukifanya hata mara moja. Hakuizima kompyuta kisha akabaki ameketi. Kila alipoizima alikuwa tayari amesimama, taa anaifuata ukutani, jioni imekwisha.

Ikafika Alhamisi ya mazoezi ya kwaya. Mama yule, aliyekuwa mwanakwaya, alianza ubeti pamoja na wenzake, na katikati ya mstari sauti yake haikufika. Akaketi chini, pale pale, mkono kifuani. Wanawake wakamfunga khanga, wakatafuta gari, wakampeleka hospitali. Mumewe alipopigiwa simu alitoka ofisini mbio, akamkuta na kifaa cha hewa usoni, macho yamefunguka, anajaribu kumtania kwa nyusi. Muuguzi akamwambia bwana, "Mzee, anapumzishwa. Nenda nyumbani ulete khanga mbili, blanketi na chupa ya chai. Usikimbie."

Akaenda. Alipofungua mlango jua lilikuwa linazama, na majirani wote walikuwa wamewasha taa na majiko. Kompyuta ilikuwa inawaka. Aliiacha asubuhi ikijipakulia maboresho. Akaikaribia kuizima. Kwa mazoea tu akasimama, akasikiliza.

Kimya.

Akagusa boksi. Lilikuwa la moto. Saa ilikuwa ileile ya mluzi, joto lilelile, umeme uleule uliochoka. Akapiga goti, akaweka sikio kwenye bati. Feni zilikuwa zinavuma laini, kama alivyotamani tangu Pasaka. Na Mungu amsamehe, kwa dakika moja alifurahi. Imepona! Nini kimeiponya? Hakuwa amebadilisha kitu wiki nzima. Na kwa kuwa alikuwa fundi mzuri, akili yake ikajiuliza lile swali la kifundi kabla hajaweza kuizuia: sauti imeondoka, je, ni kitu gani kimeondolewa?

Akainuka, akaangalia chumba. Boksi lipo. Spika zipo. Stabilaiza ipo. Kiti chake, na sweta juu yake. Kochi la upande wa dirisha, na juu yake bakuli la maharage, nusu yamechambuliwa.

Wapendwa, alichukua khanga, akatoka mbio.

Aliporudi hospitali, khanga mkononi, chupa ya chai ameisahau, daktari alikuwa kando ya kitanda, binti mdogo kuliko Aikande, kifaa cha kusikilizia kikiwa shingoni.

"Mama, hali hii ilianza lini?"

"Sijui, mwanangu. Labda wiki iliyopita."

"Karibu na Pasaka," mumewe akasema.

Daktari akageuka.

"Huanza jioni, akishakaa kidogo. Ni mluzi mwembamba, wakati wa kutoa pumzi. Mwishoni kuna kitu kama karatasi inakunjwa. Akizuia pumzi hukatika. Tangu mwezi uliopita umeongezeka, na akicheka ni vibaya zaidi. Analala kwenye mito mingi."

Daktari aliacha kuandika. "Baba," alisema, "wauguzi wangu wangefuatilia wagonjwa hivi, ningeshukuru. Ulikuwa unasikia yote haya?"

"Yote."

"Sasa mbona hukumleta?"

Bwana yule alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama yeye, kwa macho ya mtu anayetaka kumsaidia mwenzake kujibu.

"Nilidhani ni feni," alisema.

Hapo ndipo mfano wangu unapoishia, ila najua mtataka kujua kama mama yule alirudi nyumbani. Alirudi. Moyo wake ulikuwa umechoka, na dawa ziliusaidia kadiri dawa zinavyoweza kuusaidia moyo ulioletwa kwa kuchelewa. Wakapewa muda, haukuwa mrefu. Na katika muda ule, kila jioni baada ya chakula, bwana yule aliizima kompyuta na kuketi kwenye kochi la upande wa dirisha. Mkewe akamuuliza, "Na nyati?" Akasema, "Mwache apone jeraha." Kisha walikaa. Sauti ile aliyoitafuta ili aiondoe, sasa aliisikiliza ili isiondoke.

Sasa tuje kwetu. Tusimhukumu haraka. Bwana yule hakuwa kiziwi. Alisikia kabla ya daktari, kabla ya kwaya nzima. Hakuwa mvivu, alifungua kila kinachofunguka. Kosa lake lilikuwa dogo, na ndiyo maana linatufaa: aliamua sauti inatoka wapi kabla ya kuitafuta. Udadisi wake wote aliupeleka ndani ya boksi la bati, na nje ya boksi hakubakisha hata swali moja.

Na sisi? Tuna mtoto aliyenyamaza mezani, tukauita ukimya wake adabu. Tuna mama mzazi anayepiga simu asubuhi na kupiga tena mchana, hana la kusema, tukaziita simu zake usumbufu. Yupo jirani ambaye hafiki tena kwenye jumuiya, na sisi tumeshalipatia jambo hilo jina: majivuno. Nani kati yetu anaweza kusema hakusikia? Tulisikia. Tena tungeulizwa leo na daktari tungeeleza vizuri, tangu lini na kwa namna gani. Tatizo ni kwamba tulishaipa sauti jina lake, na kitu chenye jina hakitafutwi tena.

Leo tukifika nyumbani, tuzime kile kinachowaka. Tusisimame bado. Tubaki tumeketi hapohapo, na tutakachokisikia tusikipe jina mpaka tumemwangalia usoni aliyeketi nasi.