Kwa Nini Herufi za Chekacheka Hazipendwi Msibani

Lori lililoleta viti lilipita mara mbili mbele ya nyumba ya marehemu Nakijwa bila kusimama. Dereva alipopatikana alijitetea kwamba yeye aliambiwa atafute nyumba yenye msiba, na pale alikuwa ameona shule ya chekechea. Waombolezaji wote wakageuka kulitazama bango lililofungwa juu ya geti. Kisha wakageuka kumtazama Elifuraha.

Bango lilikuwa kazi yake. Elifuraha, mdogo wake marehemu, alikuwa ameendesha malori mpaka Lubumbashi na Durban, akarudi Usangi na kitambi na maneno mengi. Bango aliliagiza mwenyewe kule Same. Mchapaji alimwonyesha miandiko ya kila aina, naye akachagua ile minene ya mviringo, isiyokaa kwenye mstari, ile inayoandikwa kwenye keki na kwenye mabasi ya watoto. Aliona ina huruma. Sasa maneno "Buriani Mama Yetu" yalikuwa yakirukaruka juu ya geti, na chini yake picha ya dada yake imetulia kama mtu aliyekosea sherehe.

Naetwe, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa kwenye mkeka pamoja na shangazi zake. Alikuwa ameinamisha uso tangu asubuhi, na hilo ndilo lililomtisha Elifuraha. Mazishi yalikuwa kesho. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, bado hauna jina. Elifuraha alikuwa amemwahidi dada yake, aliyekuwa anaumwa kitandani, kwamba jina la msalabani ataliandika yeye kwa mkono wake. Mshana, fundi aliyeuchonga, angeweza kuliandika, lakini mwandiko wake ulikuwa kama misumari iliyomwagika. Neno la mwisho lilikuwa la Naetwe.

"Lakini mwandiko huu una nini?" aliuliza mama mmoja jirani. "Kila nikiuona mahali pa watu wazima roho inakataa. Na sijui kwa nini."

"Muulize aliyetembea dunia," alijibu mwenzake, akimwelekezea Elifuraha kidevu.

Elifuraha hakuwahi kuacha swali bila jibu, hasa asipokuwa na jibu. Akavuta kimoja cha vile viti vilivyochelewa kwa sababu yake, akaketi, akaanza kusimulia.

Kulikuwa na wakati, alisema, ambapo herufi zilikuwa bado hazijalala kwenye karatasi. Ziliishi mlimani, ukoo kwa ukoo. Mtu mwenye neno la kupeleka aliziita, nazo zikatembea mpaka mlangoni kwa mpokeaji, zikajipanga, zikasomwa, zikarudi kwao. Ukoo mkubwa ulikuwa wa Wima. Hao walikuwa wembamba, migongo imenyooka, nyuso kavu. Walipeleka hukumu, mipaka ya mashamba na taarifa za vifo. Hakuna aliyewapenda, lakini hakuna aliyewatilia shaka.

Ukoo mdogo ulikuwa wa Chekacheka. Walikuwa wanene, mabega ya mviringo, miguu imepinda, na midomo yao ilikuwa imetanuka tangu kuzaliwa, hata wakilia utadhani wanacheka. Walikuwa na kazi moja tu: kwenda kwa watoto wanaoogopa. Mtoto mwenye homa akiwaona wanajikwaa mlangoni husahau uchungu wa dawa. Hapo Elifuraha akaongeza kwamba yeye anawaelewa, maana umbo lao analo. Wazee wawili wakatabasamu. Naetwe hakutabasamu.

Basi watu wazima wakaona wivu. Mwenye duka akawaita Chekacheka wamtangazie bidhaa. Mzee wa baraza akawaita wakusanye watu kwenye kikao. Wote walitaka kupendwa kama watoto walivyopendwa, na Chekacheka hawakujua kukataa. Walikuwa na moyo mwema na akili fupi, na mtu wa namna hiyo, alisema Elifuraha, hupendwa upesi na huchokwa upesi. Wakawa wako kila mahali. Mtoto mwenye homa akiita, hawapo nyumbani. Na Wima, kwa kukaa bila kazi, wakaingiwa na kutu kwenye viungo.

Masika moja daraja la bonde likaoza. Wakatafutwa wa kusimama pale kuonya watu, wakaja Chekacheka, wakajipanga: usipite. Mama mmoja aitwaye Namkunda alikuwa amemtuma binti yake wa pekee ng'ambo, kusaga mahindi. Binti akawakuta darajani, wanene, wanayumbayumba. Hao aliwajua tangu alipokuwa na surua. Akawachekea, akawapungia mkono, akapita.

Aliyetakiwa kupeleka habari ni Wima. Hakuna aliyeweza kuinuka. Wakaenda Chekacheka, wanalia njia nzima, na njia nzima watu wanawapigia makofi. Wakajipanga mlangoni kwa Namkunda: mwanao amekufa maji. Namkunda alikuwa anapepeta. Akainua macho, akawatazama, akacheka. Alicheka kwa moyo wote. Akawaambia wawarudie waliowatuma, wawaambie utani umefika. Kisha akapika, akaitenga sehemu ya binti yake kwenye bakuli, akaifunika isipoe. Walipomleta mtoto kwenye machela, mama alikuwa bado na kile kicheko mdomoni.

Sauti ya Elifuraha ikashuka. Hakuwa amekusudia kufika huku. Alitaka kuchekesha watu kidogo ili wasahau bango, na sasa hadithi ilikuwa imemshika mkono, inamvuta mwenyewe.

Namkunda hakuwapiga, alisema. Aliuziba mdomo wake kwa kiganja, na kile kiganja hakikutoka pale mpaka alipozikwa. Chekacheka hawakuthubutu kurudi mlimani. Walijilaza kwenye karatasi kwa aibu, wakagandamana nayo, na koo nyingine zikajilaza kando yao kuwasitiri. Ndiyo maana herufi hazitembei tena.

Na kuanzia masika yale mpaka leo, mtu mzima akiwakuta Chekacheka mahali pazito, mlangoni pa wodi, kwenye barua ya kuachishwa kazi, getini pa msiba, mdomo wake hutaka kucheka kabla hajajua anasoma nini. Halafu anajua. Anajichukia kwa kile kicheko, na kwa kuwa kujichukia ni kuzito, anaichukia herufi. Watoto peke yao hawajaambiwa kisa hiki, ndiyo maana bado wanawapenda.

Jikoni mtu aliweka sufuria chini taratibu. Elifuraha akatazama geti, akatazama msalaba, kisha akamgeukia Naetwe.

"Mwanangu, jina la mama nitaliandika kwa herufi zilizosimama. Zile kavu kabisa."

Naetwe akainua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Macho yalikuwa mekundu.

"Msalaba ataandika Mshana, mjomba. Wewe nenda kashushe bango."